Kitako cha Debe

Walikuja wawili, Jumanne, ndiyo desturi yao:
Mama Kadenyi na Asiligwa fundi cherehani,
wakipanda mawe ya Igogo wameshikana mikono
pale ngazi ilipochukuliwa na mvua ya Aprili.
Nilikuwa nimefua pazia. Nimepika ndizi na dagaa.
Nimekariri majibu.

Hawakuuliza.
Walikula, wakasifu pilipili, wakanyamaza.
Ukimya ule niliuzoea wa watu ishirini, Jumapili;
wa watu watatu, sebuleni kwangu, una meno.
Nilisikia friji ya jirani ikikohoa.
Nikasikia meli ya Ukerewe ikipiga honi moja ndefu.
Halafu nikasikia debe.

Lilikuwa uvunguni, debe langu la Mwaloni,
nililorithi kwa mama mkwe pamoja na kizimba.
Kitako kilibonyezwa kwa nyundo kabla sijaolewa,
kikaingia ndani kama tumbo la mwenye njaa.
Kila debe, vidole vinne vya hewa. Miaka kumi na saba.
Piga hesabu wewe uliyesoma.
Wakongo wa Uvira, mama ntilie wa Mkuyuni,
wajane wenye noti zilizofungwa kwenye pindo la kanga,
wote nimewauzia hewa,
na kila aliyeguna nilimwapia:
haki ya Mungu, limejaa!
Nalo lilikuwa limejaa. Ndio ujanja wake.

Nikalivuta, nikaliweka mezani kati ya sahani.
Mama Kadenyi aliligeuza kichwa chini,
akapitisha kiganja palipobonyea, taratibu,
kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.
Asiligwa akasema neno lake la kwanza tangu chakula:
"Nyundo unayo?"

Tuligonga kwa zamu. Mtaa mzima ulisikia,
watoto wakajazana dirishani.
Kitako hakikunyooka, siwadanganyi.
Kimetokeza nje, kina makunyanzi,
debe halisimami sawa,
na sasa nikipima ninapunjika mimi.

Dada yangu Ng'wasi, aliyezamishwa ziwani mara tatu
akaibuka akikohoa na kuimba,
alicheka mpaka akakaa chini.
"Maji yote haya, Nyanzobe, kutoka hapa hadi Uganda,
na kanisa lako halikupi hata kikombe?
Utajuaje kwamba umeingia?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Mkutano wa mwezi ulikaa Nyakato, chumba cha chekechea,
sisi juu ya viti vya watoto, magoti karibu na kidevu,
ukutani tembo aliyechorwa na mtu asiyemjua tembo.
Karani akasoma jina langu na la baba,
akauliza kama Marafiki wako tayari.
Hawapigi kura hawa. Wanasubiri.
Tukasubiri mpaka nikaanza kuhesabu misumari ya paa.

Ndipo nyuma akasimama mzee mmoja, Lutobeka,
kofia mkononi.
"Mimi nilinunua kwake," akasema.
"Madebe matatu, ya matanga ya mke wangu.
Chakula hakikutosha. Watu walisema nimebania."
Akanyamaza.
Mvua ingenyesha pale ningeishukuru. Haikunyesha.
"Sijamaliza kukasirika," akasema. "Lakini andika, karani.
Hasira ni yangu, nitaivaa mwenyewe."

Mdomo wangu ulishafunguka kuapa;
Mama Kadenyi akanikanyaga kidole.
Kalamu ikagoma. Karani akaichana kiganjani, ikakubali:
Kumbukumbu ya nne. Nyanzobe Magesa amepokelewa.
Wakanipa mikono, mmoja mmoja.
Wa Lutobeka ulikuwa mkavu, nao ulichelewa kuniachia,
au mimi ndiye niliyechelewa.

Jumatatu, Mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi,
mwanamke nisiyemjua akalitazama debe lililopinda:
"Hilo limejaa kweli?"
"Ndiyo," nikasema.
Akasubiri niape.
Nami nikasubiri naye.